Siku Mama Mdogo Aliposhuka Ndani ya Volkano

Niliacha shule nikiwa darasa la tano, siku mwalimu alipotundika ramani ukutani na kuanza kutuonyesha mito kwa fimbo. Mimi nilidhani ni mwaliko. Tangu hapo nimesukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, nikishusha makaa kutoka Munigi hadi kwetu Goma. Nimepakia maharage kwenye boti za ziwani, nimevunja mawe, nimepaka rangi majina ya maduka ya mtaa wa Mabanga ambayo mengine nilikuwa siwezi kuyasoma. Kila kazi niliiacha nilipoanza kuizoea. Nyumbani wanasema ni ugonjwa. Lakini ugonjwa huu una faida moja: anapotakiwa mtu wa kusindikiza safari, hakuna anayeuliza kama nina nafasi.

Ndivyo nilivyoiona Tanzania. Nilikwenda kumsindikiza mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea.

Binti yake, ambaye kwetu ni dada yangu tu, alikuwa akipika katika hoteli moja ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Siku moja akaja dereva wa watalii kutoka Tanzania, ameleta wageni wake kuona ziwa. Dereva akala samaki, akauliza ni nani aliyempika. Baada ya hapo alirudi Gisenyi mara tatu bila mtalii hata mmoja, na mara ya tatu akavuka mpaka hadi kwetu Goma, akasema anataka kuoa. Mama mdogo hakumkataa. Alisema jambo moja, ambalo kwa wanawake wa ukoo wetu, watu wa milima ya Masisi, lina nguvu kuliko karatasi ya serikali: binti haachiwi mpaka mama yake aone kwa macho mahali atakapolala. Nyumba inaweza kuwa ya bati au ya nyasi, hilo halina neno. Mahali pa kulala lazima paonekane.

Wajomba ndio waliopaswa kwenda naye. Mmoja goti lilikuwa linamuuma, mwingine ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa. Nikabaki mimi. Tuliondoka watatu: mama mdogo, dada yangu na mimi niliyebeba mifuko.

Barabara ya Bunagana, ile ya kupitia Uganda, siku hizo ilikuwa haieleweki, kwa hiyo tulivuka kwa miguu kuingia Gisenyi, tukapanda basi hadi Kigali, tukapanda lingine hadi daraja la Rusumo, ambako maji ya rangi ya chai yanaruka chini yako yakipiga kelele. Upande wa pili ndipo nilipoanza kuona kwamba sijui neno "kubwa" maana yake nini. Nchi yangu ni kubwa, hilo kila mtu anajua, lakini mimi naijua kama mtu anayeijua nyumba kutoka jikoni tu. Kwetu ukiinua macho, mlima umeshasimama mbele yako. Kule baada ya Kahama ardhi ilijilaza, mbingu ikashuka mpaka sakafuni pande zote, na basi likaenda saa baada ya saa kama halisogei. Mama mdogo alitazama dirishani tangu asubuhi, kisha akaniuliza, "Milima yao waliiweka wapi?"

Singida tukakuta mawe. Mawe makubwa ya kijivu, ya mviringo, yamepandana kama viazi vilivyomwagwa kutoka kwenye gunia la jitu. Mama mdogo akataka kujua yalitoka mlima gani, na mwaka gani. Nikamuuliza abiria aliyekaa karibu nami, mwuza alizeti, akanijibu kwamba mawe hayo yapo tu, yamekuwepo siku zote. Nilipomfikishia jibu, mama mdogo hakulipokea. Kwetu Goma jiwe lina mwaka wake. Unaweza kuonyesha ukuta wa mtu ukasema, hili lilishuka nikiwa mtoto, lile lilishuka juzi. Jiwe lisilo na mwaka alilitazama kama mtu asiye na kitambulisho.

Halafu Babati, halafu tambarare nyingine kavu yenye ng'ombe na vumbi, halafu ghafla ukuta wa ardhi umesimama, ziwa limelala chini yake likiwa na rangi ya waridi pembeni, na ndani ya msitu nyani wamekaa barabarani kama wenye tiketi. Siku mbili tu, na nchi ilikuwa imebadilisha nguo mara sita. Gari likapanda ule ukuta, na juu tukaingia Karatu, kwenye udongo mwekundu.

Niliposhuka nilichimba kwa kisigino. Nikachuchumaa, nikachimba kwa mkono mpaka kiwiko. Hakuna jiwe. Kwetu huwezi kuchimba choo bila mtarimbo na watu wanne. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akaniuliza nimepoteza nini.

Mchumba wa dada, ambaye nitamwita shemeji, alikuja kutupokea akiwa na shati lililopigwa pasi mpaka likawa na kona. Alimwinamia mama mdogo akasema shikamoo. Mama mdogo, ambaye Goma husalimiwa jambo na mambo yakaisha, alijibu "asante". Tukaenda kwa baba yake, mzee mjane, mkulima wa mahindi na ngano, mtu wa maneno machache na maziwa mengi. Na nilimwona mama mdogo akilegea kidogo kidogo. Alishika udongo. Alionja maziwa. Aliingia katika nyumba ambayo shemeji alikuwa anaijengea mke wake, vyumba viwili vya tofali za kuchoma, akakuta chumba cha kulala hakina kitu ila mkeka, akauliza dirisha linafunguka upande gani. Dada yangu alinikonyeza. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Kwenye chakula cha jioni shemeji akayaharibu.

"Mama, kesho nitawapeleka mahali pazuri kuliko pote," alisema. "Hapo juu tu, nyuma ya msitu. Ni volkano. Ilibomoka zamani sana, ikaacha shimo kubwa, na ndani yake kuna simba, tembo, kila kitu."

Dada yangu alimkanyaga chini ya meza, lakini alikuwa amechelewa. Mkono wa mama mdogo ulisimama juu ya sahani.

"Volkan," akasema. "Hapa?"

"Imezimika, mama. Imelala miaka mingi sana."

"Na yetu ililala. Asubui mutu aliniambia imelala. Mangaribi nilikuwa mu njia ya Sake na kuku mu mukono."

Ilikuwa kweli. Mlima wetu ulipotapika mara ya mwisho, mama mdogo alikuwa na nyumba kule kuelekea Munigi. Aliokoa cherehani, godoro moja na huyo kuku. Aliporudi, mtaa ulikuwa jiwe jeusi lililokuwa bado na joto. Nilikuwa naye siku hiyo. Alitembea juu ya lile jiwe muda mrefu akihesabu hatua kutoka mahali ulipokuwa mti wa jirani, akitafuta mahali kitanda chake kilipokuwa, asipaone.

Lakini kinachomtisha mtu wa Goma zaidi ya moto ni mazuku. Huo ni upepo mbaya unaotoka katika nyufa za ardhi. Hauna harufu, hauna rangi, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unateremka na kukaa katika mabonde na mashimo, hasa asubuhi kabla upepo haujaanza. Mtu aliyesimama anaweza kupita asijue kitu. Mbuzi aliyelala, mtoto aliyekaa, mlevi aliyeanguka, hao hawaamki. Ndiyo maana kwetu hatukai bondeni kupumzika, tunakaa juu ya jiwe. Ukienda mahali usipopajua unawasha kiberiti, unakishusha chini polepole. Mwali ukizimika, unaondoka bila kuuliza swali la pili.

Basi mama mdogo alituita chumbani, dada na mimi, akatoa hukumu. Hawezi kumwacha mtoto wake alale kando ya volkano nyingine. Kesho tunarudi. Dada yangu, ambaye kwa kawaida hubishana kwa sauti ya mtu anayeuza samaki, safari hii aliongea taratibu.

"Mama, ulisema utaona kwa macho. Haujaona."

Amri ilikuwa yake mwenyewe, hakuwa na pa kuikwepea. Mwishowe akakubali: atashuka, ataona, na akirudi atasema ndiyo au hapana, na hiyo hapana, ikiwa hapana, hakuna wa kumwomba tena. Dada yangu aligeuka ukutani akajifunika. Yule binti alikuwa amengoja karibu miaka miwili, na sasa maisha yake yote yalikuwa yametundikwa kwenye shimo ambalo mama yake hajaliona.

Asubuhi tulipanda katika gari la bosi wa shemeji, ambalo siku hiyo halikuwa na wageni. Barabara ilipanda ndani ya msitu na ukungu, ndevu za miti zikining'inia juu yetu zikidondosha maji, hadi mahali ambapo magari yote husimama. Ukungu ukafunguka.

Nimeliona shimo la mlima wetu mara moja, nilipowabebea wageni mizigo hadi juu. Ndani mna uji mwekundu unaochemka, unakuunguza uso. Hili lilikuwa limejaa nchi. Chini kabisa, mbali sana, kulikuwa na nyasi, msitu, ziwa jeupe, na vivuli vya mawingu vikitembea juu yake. Vitu vidogo vyeusi vilivyotapakaa kama ufuta shemeji alisema ni nyati. Nilitamani kuingia na kutotoka mwezi mzima. Mama mdogo alisimama hatua tatu nyuma ya ukingo, ameshika kitambaa chake cha kichwa.

"Limekula tumbo lake lenyewe," alisema, akarudi garini.

Chini alifanya kazi. Sisi tulitazama pundamilia, yeye alitazama ardhi. Alikuwa anatafuta alama anazozijua: nyasi zilizokauka bila sababu, ndege aliyekufa, mbuzi aliyelala vibaya. Na akapata. Katika kibonde kando ya barabara kulikuwa na mifupa mieupe ya mnyama mkubwa, mizima, mbavu zimesimama kama kikapu.

"Simamisha," akamwambia shemeji. "Munaona? Mazuku."

"Ni nyumbu, mama. Ameuawa na simba."

"Simba?"

"Simba, mama. Wako kumi na kitu hapa karibu."

Nilimwona akishusha pumzi. "Simba ni muzuri," alisema. "Simba anaonekana."

Shemeji alinitazama kwenye kioo, akitaka nimfasirie. Nilimwambia aendeshe tu.

Saa sita tulifika pale ambapo watu wanaruhusiwa kushuka na kula, kando ya bwawa lenye viboko. Magari mengine yalikuwepo, watalii na vikapu vyao. Kando ya bwawa kulikuwa na shimo dogo la nyasi, zuri, limejikunja kama kiganja, na shemeji, maskini, alitandika kanga yetu humo humo. Alikuwa anatafuta mahali pasipo na upepo mwingi. Hakuna mtu wa Goma ambaye angechagua pale. Dada yangu alifumba macho.

Mama mdogo alifungua mkoba, akatoa kiberiti, akapiga magoti ukingoni, akawasha njiti moja na kuishusha. Ikazimika. Akawasha ya pili. Ikazimika. Akaanza kurudi nyuma kwa magoti akituita, na ndipo sauti ikatoka nyuma yetu.

"Nani anawasha moto hapa?"

Alikuwa askari wa hifadhi, bunduki begani, na uso wa mtu aliyeona nyasi zikiungua zamani na hakusahau. Mama mdogo aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Ni mimi, papa. Napima hewa."

Askari hakuelewa, na wala hakutaka. Alichukua kiberiti, akauliza ni nani kiongozi wa wageni hawa. Shemeji akajitokeza. Askari akatoa kijitabu. Alieleza bila kupandisha sauti kwamba kuwasha moto ndani ya hifadhi ni kosa la kiongozi, siyo la mgeni, na kwamba jina likishaandikwa leseni inaenda. Shemeji angeweza kumwonyesha mama mdogo kwa kidole. Alisema tu ni kosa lake, kwamba hakumweleza mama sheria za hapa, jambo ambalo lilikuwa kweli, na akaomba dakika chache kabla ya kalamu kuanza. Kisha akamgeukia mama mdogo.

"Mama, kile kiberiti ni upepo uliokizima. Unatoka ziwani. Lakini kiberiti hakipo tena. Nipime mimi."

Akateremka katika kile kishimo na shati lake lenye kona, akalala kifudifudi, shavu kwenye nyasi, pua chini kabisa mahali njiti ilipozimikia.

Hakuna aliyecheka. Mama mdogo alirudi ukingoni taratibu akachuchumaa. Alijua kitu ambacho wengine pale hawakujua: kwamba kwetu hivyo ndivyo watu wanavyokutwa.

"Ongea," akamwambia. "Nisikie pumzi."

Na shemeji akaongea, mdomo umejaa nyasi. Alianza kutaja wanyama, kama anavyowatajia watalii, mama mdogo akamkatiza akamwambia aache wanyama, aseme habari ya mutoto wake. Akasema ile nyumba itapakwa chokaa mwezi ujao. Akasema dada yangu akitaka kupika hotelini atapika, asipotaka hatapika. Akasema alipokuja Goma aliona watu wameanika nguo juu ya mawe meusi na akafikiri hawa watu wana moyo gani, na kwamba yeye mlima haumtishi sana, anayemtisha ni mama. Mwewe akashuka akampokonya dada yangu paja la kuku mkononi, na dada hata hakugeuka. Watalii wawili walikuwa wanapiga picha. Askari, ambaye sasa nilikuwa nimeshamweleza pembeni mazuku ni nini, alikuwa ameinama naye anatazama kama mtu aliye mpirani.

"Kwa hiyo ukilala tu, unakufa?" aliniuliza kwa kunong'ona.

Nikamwambia ndiyo, mbuzi kwanza. Akatazama nyasi chini ya viatu vyake, akasogea juu kidogo.

Sijui shemeji alilala muda gani. Maneno yalimwisha, akaanza kueleza bei ya vitunguu. Hapo mama mdogo akasema, "Amuka. Shati inachafuka." Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya katika maisha yangu. Akateremka bondeni, akaketi, akanyoosha miguu, akaomba chapati.

Askari alifunga kijitabu bila kuandika. Kiberiti alibaki nacho. Aliondoka na chapati moja.

Nilidhani yameisha. Dada yangu pia alidhani, aliimba njia nzima ya kurudi. Lakini mama mdogo alipofika nyumbani hakusema ndiyo. Aliingia katika chumba chenye mkeka, akatoka, akamwambia mzee kwamba hewa ya leo ameiona, ya kesho hajaiona, na hakuna aliyeiona. Mbuzi wa mahari wanaume watawazungumzia. Yeye anataka kitu kimoja. Akaweka mkono kifuani kwake: kitanda kifike hapa. Na mtoto yeyote atakayezaliwa humo asilazwe sakafuni hata siku moja, hata kwa kupunga upepo mchana.

Mzee alipima kwa macho. "Huo ni urefu wa dari," alisema.

"Muweke ngazi, muzee."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akaona kwamba ni yeye peke yake anayecheka, akaenda kumwita seremala. Tulikaa siku tatu zaidi. Seremala alikuwa mtu mtaratibu, alikuja kuuliza mara mbili kama vipimo ni vya kitanda kweli au ni vya ghala. Mimi nilishika mbao za mkaratusi wakati anapiga randa, nikajifunza kuunga miguu bila msumari, na kama vingekuwa vitanda viwili ningekuwa nimeanza kuichoka kazi. Kilipokwisha kilikuwa kama jukwaa. Mama mdogo akasema atakilalia yeye kwanza.

Asubuhi tulimkuta ameketi ukingoni, miguu ikining'inia mbali na sakafu, uso umevimba kwa usingizi. Alimwita shemeji. Alimwambia aje Goma na wazee wake, waombe binti kama watu wanavyoomba, naye atawapokea. Dada yangu alitoka nje haraka, na nikamsikia nyuma ya zizi akicheka na kulia kwa pamoja.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Siku zote hizo alikuwa amesikiliza habari za mlima unaochemka, upepo unaoua mbuzi, na mawe yanayokaa na joto miezi. Akakohoa. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya barabara tu, "Na sisi tukija huko kwenu, mama, tutalala wapi?"

Mama mdogo alilifikiria hilo. Alitazama kitanda, akatazama upana wa mlango, kisha akaniuliza kama basi la Kahama linabeba mbao za kitanda.